Mhusika Huandikwa Pia kwa Kanuni

 Wapo hapa Itaba ambao wakisikia neno gemu wanawaza mpira wa kwenye televisheni, vijana wanne wakigombania pedi mbili ndani ya kibanda. Leo mpira tuuweke kando. Nazungumzia gemu za kuvaa uhusika, zile ambazo wachezaji huziita RPG, na ugomvi uliowagawa wapenzi wake kwa miaka mingi.

Ugomvi wenyewe uko hivi. Kundi la kwanza linasema gemu hizi zimenyolewa. Zamani mchezaji alipewa namba za kupanga, mikoba ya kupekua, ujuzi wa kuchagua kwa uchungu. Sasa kila toleo jipya linakata kitu ili kuwavutia wasio na subira. Kundi la pili linajibu kwamba namba hizo zilikuwa mzigo tu. Kinachomfanya mtu akeshe na gemu moja kwa miezi ni watu waliomo ndani yake: maneno yao, majeraha yao, siri zao. Tupeni wahusika walio hai, wanasema, hesabu bakini nazo.

Nimewasikiliza wote kwa heshima, maana wote wanagombania kitu wanachokipenda. Lakini naona makundi yote mawili yamesimama juu ya kosa moja. Yanadhani mhusika ameandikwa ndani ya mazungumzo peke yake, na kwamba kanuni ni mashine ya pembeni isiyomhusu. Mimi nasema kanuni ni sehemu ya maandishi ya mhusika. Kwa hiyo, kanuni ikikatwa, swali la kwanza liwe: nani alikuwa anazungumza kupitia kanuni hii, na sasa atazungumzia wapi?

Kwa faida ya wazee, nirudi mwanzo kidogo. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Ulichezwa kwa karatasi, penseli na dadu, na mtu mmoja akiwasimulia wenzake dunia wanamopita. Kila mchezaji alikuwa na karatasi ya mhusika wake: nguvu zake kiasi gani, akili kiasi gani, haiba kiasi gani. Angalieni hapo. Kabla mhusika hajapewa sentensi hata moja, tayari alikuwa amepewa namba, na namba hizo zilieleza tabia. Mwenye nguvu nyingi na busara kidogo ataingia pangoni kwa namna moja. Mwenye busara na mwili dhaifu atasimama mlangoni afikiri. Kompyuta zilipokuja zilirithi karatasi ile.

Mfano ulionishika zaidi ni wa gemu iitwayo Fallout, ya mwaka 1997, inayosimulia dunia baada ya vita vya nyuklia. Ukimpanga mhusika wako awe na akili ya chini kabisa, hatazungumza kama wengine. Sentensi zake zitakatika, atatoa milio tu, na watu wa dunia ile watamjibu kwa huruma, au kwa dharau, au watamfukuza. Waandishi walikaa wakamwandikia mtu huyo maisha yake, ingawa wachezaji wengi wasingempitia kamwe. Namba moja uliyoiweka mwanzoni, bila kufikiri sana, inakufuata kila mlango unaobisha. Niambieni, hiyo ni hesabu au ni uandishi?

Sasa tuje kwenye kukata. Kampuni ya Bethesda ya Marekani ina mfululizo maarufu uitwao The Elder Scrolls. Toleo la Morrowind, mwaka 2002, lilikuwa na ujuzi wa aina 27. Oblivion, mwaka 2006, lilibaki na 21. Skyrim, mwaka 2011, likafika 18, na zile sifa nane za msingi, nguvu, akili na nyinginezo, zikaondolewa kabisa. Wanaolalamika hupenda kuzitaja namba hizi kama mashtaka yaliyokwisha thibitika. Mimi sina uchungu nazo sana. Ujuzi mwingine wa Morrowind ulifanana mno na jirani yake, na kuunganisha viwili visivyotofautiana hakumuui mtu.

Kilichoniuma katika safari ile ni kitu kingine: mshale. Katika Morrowind, mtu akikutuma mahali, anakueleza njia kwa maneno. Fuata mto, ukiona jiwe fulani pinda kushoto, ukikuta daraja umepitiliza. Ulisoma maelezo yake, ukapotea, ukarudi kumuuliza mwingine. Katika Oblivion dira ikaanza kuonyesha alama ya unakokwenda, na yule mtu hakuwa na sababu tena ya kukuelekeza. Nyinyi wa huku mnajua nisemalo. Mgeni anayetafuta nyumba katika milima yetu hana namba ya mlango wala jina la barabara. Anauliza. Na anayemjibu, katika kumwelekeza tu, amekwisha mwambia mengi: nyumba ya nani imehama, kisima cha nani kimekauka, jirani gani hasalimiani naye. Mshale wa Oblivion uliwaacha watu wa dunia ile na midomo yao, lakini ukawanyang'anya shughuli iliyowafanya wafunguke. Hicho ndicho kipunguzo cha kulilia, na ajabu ni kwamba hakimo katika ile hesabu ya 27 na 18.

Kabla sijaendelea, niwaombe msidhani kupunguza kanuni ni uzushi wa makampuni ya kigeni. Michezo yetu imefanya hivyo tangu zamani. Hapa Burundi tunabuguza, yaani tunacheza mchezo wetu wa mashimo na kete, na pwani ya Tanzania na Unguja wanacheza bao, ubao wenye mashimo 32 na kete 64. Bao la Kiswahili ni gumu. Kila mchezaji anaanza na kete 10 tu ubaoni na 22 mkononi, anaziingiza moja moja katika hatua ya kunamua, na ana shimo moja linaloitwa nyumba, lenye kete sita mwanzoni. Kete ya mwisho ikiangukia nyumbani kwake katika hatua hiyo, anaweza kuchagua alale au asafiri, yaani aache nyumba ilivyo au aivunje aendelee kusambaza. Halafu lipo bao la kujifunza. Humo kete mbili mbili zinawekwa kila shimo, hakuna za mkononi, hakuna kunamua, na ile nyumba ya kete sita haipo. Mtoto anaingia mara moja, na ni vizuri aingie. Lakini hawezi kuonyesha katika bao lile kama yeye ni mtu wa kuilinda nyumba au mtu wa kuihatarisha mapema, kwa sababu uamuzi huo haupo. Wazee wa bao huwakumbuka wapinzani wao kwa uamuzi wa namna hiyo. Kwa hiyo hata katika mchezo usio na hadithi wala maneno, kanuni fulani hubeba tabia ya mtu na kanuni nyingine hubeba hesabu tu. Fundi anayepunguza lazima ajue ipi ni ipi.

BioWare ya Kanada walijua, angalau mara moja. Gemu yao ya Mass Effect ilitoka 2007, ikiwa na mkoba uliojaa silaha na vipuri hadi mchezaji anachoka kuvichambua. Toleo la pili, mwaka 2010, liliufuta mkoba huo, likapunguza na ujuzi. Kelele zilikuwa kubwa: wameifanya gemu ya kufyatua risasi, RPG imekufa. Lakini tazameni walichokiweka mahali pa mkoba. Hadithi nzima ni ya kukusanya kikosi kwa ajili ya misheni ambayo huenda hakuna atakayerudi hai. Kila mwenzako ana jambo lake linalomkaba. Mordin, daktari mwanasayansi, alishiriki kuhuisha ugonjwa unaobana uzazi wa taifa zima, na sasa anakutana na mwanafunzi wake wa zamani katika kivuli cha kazi ile. Tali anashtakiwa kwa uhaini mbele ya watu wake mwenyewe. Ukiwasaidia, wanaingia vitani moyo ukiwa mtulivu.

Kisha inafika misheni ya mwisho, na gemu inakuuliza maswali. Nani ataingia katika njia ya hewa kufungua milango? Nani ataongoza kikosi cha pili? Nani atawakinga wenzake kwa nguvu za akili? Ukimpeleka asiyefaa, mtu anakufa, na anabaki amekufa. Namba zako hazitakuokoa hapo. Kitakachokuokoa ni kuwafahamu: kujua kwamba huyu ana majivuno ya uongozi ila hajawahi kuongoza, kwamba yule mpole ndiye mjuzi wa mitambo. Kanuni zilipungua, na wahusika wakawa ndio kanuni. Waliosema RPG imekufa walikuwa wanahesabu vitu vilivyotoka mkobani.

Upande wa pili wa mizani ipo Fallout 4, ya mwaka 2015. Miaka mitano kabla yake, kampuni ya Obsidian ilikuwa imetengeneza Fallout: New Vegas, ambamo ujuzi wako uliingia katika mazungumzo. Ukijua udaktari, ungeweza kumwambia mganga wa kambi kwamba anakosea. Ukijua biashara, ungemshika mchuuzi kwenye hesabu yake. Na usipojua vya kutosha, sentensi yako ilionekana pale pale ikiwa ya mtu anayebabaisha. Fallout 4 ilifuta namba za ujuzi, ikampa mhusika mkuu sauti ya mwigizaji, ikabana mazungumzo yote kuwa majibu manne yaliyofupishwa kwa neno moja au mawili. Ulichagua neno, ukasikia mtu wako akisema jambo ambalo hukulikusudia. Mashabiki hawakuishia kulalamika. Walitengeneza nyongeza yao wenyewe ya kuonyesha sentensi nzima kabla ya kuichagua. Todd Howard, aliyeongoza kazi hiyo, alikiri baadaye kwamba mtindo ule wa mazungumzo haukufanikiwa vizuri, na gemu yao ya Starfield, mwaka 2023, ikarudi kwenye sentensi kamili na mhusika mkuu asiye na sauti.

Wanaopenda wahusika wangetarajia sauti iongeze uhai. Hapa iliupunguza. Hadithi ya Fallout 4, ya mzazi anayemtafuta mwanawe, ina nguvu, lakini mzazi huyo hakuwa na namna ya kuwa daktari wala mchuuzi wala mjinga. Alikuwa mzazi yule yule kwa kila aliyemcheza.

Nisiwaonee wanaotaka wepesi. Wapo wenye sababu nzuri sana. Baldur's Gate ya mwaka 1998 ilifuata sheria za zamani za mchezo ule wa mezani, ambamo ngao bora ilikuwa na namba ndogo zaidi. Ukitaka kujua kama umejilinda vizuri unatafuta namba inayoshuka hadi chini ya sifuri. Hakuna mhusika aliyekuwa akisema chochote kupitia utata ule. Ulipotea tu. Sheria za mwaka 2014 zikaleta njia nyepesi: ukiwa katika hali nzuri unarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa, ukiwa katika hali mbaya unachukua ndogo. Mtoto anaelewa kwa pumzi moja.

Juu ya sheria hizo, Larian, kampuni ya mji wa Ghent kule Ubelgiji, ilijenga Baldur's Gate 3, iliyotoka Agosti 2023. Waliichukua nafasi iliyoachwa na utata ule wakawapa watu. Gale, mchawi msomi, ana kitu ndani ya mwili wake kinachodai kulishwa. Anakuomba vitu vyako vya uchawi, vile ulivyovitafuta kwa jasho, avinyonye. Karlach ana injini ya moto mahali pa moyo, na hakuna anayeweza kumgusa mpaka upatikane ufundi wa kuipoza. Astarion anahitaji damu, na anaweza kukuomba yako. Unaona? Huhitaji kuambiwa kwamba urafiki una gharama. Mkoba wako unakuambia, afya yako inakuambia.

Na si kila kanuni nzito ya zamani ilikuwa na busara. Dragon Age: Origins, mwaka 2009, inapendwa mpaka leo na wanaochukia kupunguzwa, na naipenda mimi pia. Lakini ndani yake ulipanda katika moyo wa mwenzako kwa kumpa zawadi. Ungeweza kumuudhi asubuhi na kumnunua jioni. Toleo la pili, mwaka 2011, lilitukanwa sana kwa wepesi wake na kwa mapango yaliyorudiwa rudiwa, na mapango hayo kweli hayana utetezi. Hata hivyo ndilo lililothubutu kuweka njia mbili za ukaribu: urafiki na upinzani. Mwenzako anayekupinga katika kila jambo aliweza kufungamana nawe kwa undani, akabadilika kwa sababu ulimpinga bila kumwacha. Sijaona kanuni iliyoandika undugu kwa ukweli zaidi ya hiyo, na ilikuwamo katika gemu iliyoshutumiwa kuwa nyepesi.

Mtaniuliza: sisi wa huku tunahusika vipi? Baldur's Gate 3 inataka gigabaiti 150 za nafasi na kompyuta ya bei kali. Wengi wetu tumezijua gemu hizi kwa kutazama wengine wakizicheza kwenye simu, tena kwa Kiingereza au Kifaransa. Ni kweli. Lakini tayari wapo watu wa damu yetu ndani ya mjadala huu.

Wapenzi wa Assassin's Creed wanakumbuka mwaka 2017, pale mfululizo ule ulipogeuka kuwa RPG kwa toleo la Origins. Wengi walizipinga leveli na silaha za kuokota, lakini karibu wote walimpenda Bayek, baba wa Kimisri anayewasaka waliomuua mwanawe. Sauti ya Bayek ni ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Salim huyo akaanzisha kampuni yake, Surgent Studios, na Aprili 2024 wakatoa Tales of Kenzera: Zau. Kijana Zau amefiwa na baba, na anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, kudai arudishiwe. Salim amesema wazi kwamba kazi hiyo ilitokana na kumpoteza baba yake mwenyewe.

Zau ni gemu ya kuruka na kupigana, haijafikia kuwa RPG, na wapo waliosema ni nyepesi mno: vinyago viwili tu, cha jua na cha mwezi, na njia isiyopotea sana. Mimi nimeutafakari wepesi wake kwa mizani ile ile. Humo unakutana na mibuyu. Zau anaketi chini ya mbuyu, Kalunga anaketi naye, wanazungumza juu ya marehemu, na akiinuka uhai wake umeongezeka. Hakuna duka la dawa, hakuna pointi za kugawa. Mwili wake unapata nguvu kwa kukaa na kumtaja baba. Sisi tunaojua kukaa matanga hatuhitaji maelezo ya kanuni hiyo. Baada yake kampuni hiyo ilitangaza mradi wa RPG katika dunia ile ile, nao wakauita Uso.

Kameruni walitangulia. Kiro'o Games wa Yaoundé, chini ya Olivier Madiba, walitoa Aurion mwaka 2016, na wahusika wake wakuu ni mume na mke, Enzo na Erine, waliopinduliwa siku ya kutawazwa kwao. Katika gemu nyingi mapenzi ni tuzo ya mwisho wa safari. Hawa wanaianza safari wakiwa wameoana, na nguvu wanazopigana nazo zinatoka kwa wahenga.

Kwa hiyo nawageukia vijana wa Itaba na Muyinga kwa kazi, maana mjadala wa gemu unanoga zaidi kwa anayetengeneza. Ipo programu ya bure iitwayo Ren'Py, inayofanya kazi hata kwenye kompyuta ya mtumba na kutoa gemu ya simu. Inamfaa mtu mwenye hadithi kuliko mwenye fedha. Na sisi tunaye mhusika ambaye bibi zetu walimsimulia: Samandari, yule mjanja ambaye hana jeshi wala cheo na bado anawajibu wakubwa bila kutetemeka.

Mfikirieni kama mtu wa RPG. Mkimpa nguvu na upanga mmemuua, kwa sababu Samandari mwenye upanga ni askari tu. Silaha yake ni maneno ya mwenzake: anasubiri mkubwa aseme, kisha anayashika maneno yale yale na kuyageuza. Basi kanuni yake ya kwanza ingeweza kuwa hiyo, kwamba mchezaji hana sentensi zake mwenyewe, ana zile alizozisikia tu, na asiyesikiliza hana cha kusema. Mkoba wake ni maneno ya watu. Hapo tatizo linaanza, nami sijalimaliza, nawaachia. Kila anaposhinda, wakubwa wanamjua zaidi na wanaanza kupima wanachosema mbele yake. Mkoba unapungua kadiri sifa zake zinavyoongezeka. Je, gemu impe sifa hizo kama leveli, kama wengine wote wanavyofanya, au impandishie gharama? Na akifika mbele ya mfalme mwenyewe, ambaye sasa amenyamaza kabisa, anamjibu kwa maneno ya nani?